Siku Jokébed Aliposukwa Nywele

Kabla ya mapambazuko, jikoni kwa Kaswera kulisikika maharagwe yakidondoka kwenye beseni la bati, moja moja, ti, ti, ti, kama ya mtu anayechagua bila haraka. Kaswera alikuwa macho tayari, akisali rozari kitandani. Alimaliza fungu lake, akajifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, kwa kuwa asubuhi za Bulengera zina baridi na ukungu hupita hata chini ya mlango, kisha akaenda kuona.

Alikuwa Jokébed. Ameketi kwenye kigoda karibu na mbabula ya makaa iliyozimika, ungo magotini. Jokébed alikufa kule Mangina wakati wa Ebola, na bado alikuwa ndani ya mfuko mweupe wa plastiki aliozikwa nao. Zipu ilikuwa imefunguka hadi kifuani tu, na mikono ilitokea hapo.

"Wavukire, Kaswera."

"Wavukire. Umekunywa chai?"

"Bado. Nilisema nichague maharagi mbele. Iko na mawe mingi, wewe. Bamekudanganya ku soko."

Kaswera alitia makaa, akayapuliza mpaka yakashika, akateleka maji. Alimpa Jokébed kikombe chenye mkono, kwa sababu aliona vidole vyake vimekakamaa kwa baridi.

Ilikuwa wiki ya sherehe. Kaswera, Jokébed na Débora walisoma pamoja kwenye lycée moja ya masista huko Beni, wakilala hapo hapo shuleni, wakamaliza katika mwaka uleule. Sasa, miaka arobaini baadaye, Débora alikuwa ametoa uwanja wa nyumba yake ya Beni ili darasa zima likutane Jumamosi. Kaswera aliwatafuta wenzao wa Butembo, wengine kwa simu, wengine kwa miguu, mpaka mlangoni. Kitenge cha sare kilikuwa kimechaguliwa, cha kijani chenye maua meupe. Tangazo lilisomwa redioni, na wafu husikiliza redio kwa makini, kwa kuwa huko ndiko majina yao hutangazwa.

"Nilisikia communiqué," Jokébed alisema. "Bilisemwa promotion yote, darasa yote. Haikusema bazima tu."

"Tulisema bote. Uko na haki yako."

"Donc nakuya. Mais si fête tu njo inanileta."

Alichagua jiwe moja, akaliweka pembeni, kisha akaeleza kilichomleta zaidi ya sherehe. Siku aliyokufa, palikufa pia bwana mmoja wa Mabalako, Ananie, mnunuzi wa kakao. Walitolewa katika hema moja la wagonjwa, kila mmoja katika mfuko wake, na mifuko yote ilifanana. Huko njiani mbao za majina zilichanganywa. Ubao wa Jokébed ulisimamishwa juu ya Ananie, ule wa Ananie ukapotea, na Jokébed akabaki bila ubao. Na kila Jumapili Falonne, binti yake Jokébed, alikwenda na maua kumlilia mama yake juu ya kifua cha mwanaume asiyemjua.

"Ni mutu wa heshima," Jokébed alisema. "Anasikia haya. Anasema Falonne akilia, naye analia."

"Na weye, uko wapi?"

"Nilikuwa ndani ya sac, Kaswera. Ningeona nini? Natoka mu ukungu, narudi mu ukungu. Miti ya kakao yote iko sura moja. Nasikia moulin ya unga, njo basi."

"Kwa nini hukumuambia Falonne?"

"Ataniuliza, mama, uko wapi? Nitajibu nini? Nataka nimujibu."

Kaswera alifikiri. Débora alikuwa amemwalika mgeni wa heshima, bwana Manassé, wa ile ofisi iliyosimamia mazishi wakati wa ugonjwa. Sherehe bila mgeni wa serikali ilionekana kama harusi bila padri. Kama kulikuwa na mtu aliyejua ni nani alilazwa wapi, basi ni yeye.

"Tutamuuliza huyo," Kaswera alisema. Akatoa kitenge chake cha sare sandukuni, akakikata katikati kwa mkasi, akampa Jokébed nusu.

Siku ya Jumamosi walipanda pikipiki moja kuelekea Beni. Dereva alimtazama Jokébed, akakunja ncha ya mfuko wake na kuifunga kwa mpira, mbali na gurudumu.

"Mama, usiachie hii sac, itaingia mu roue."

Aliendesha mpaka kwenye kizuizi cha askari. Hapo, kama kawaida, abiria hushuka na kuvuka kwa miguu wakiwa na karta ya kitambulisho mkononi.

"Mama, kita!" askari aliita, yaani shuka. Alisoma karta ya Kaswera, kisha akanyoosha mkono kwa Jokébed. "Na huyu, karta iko wapi?"

"Ni mukwetu wa masomo," Kaswera alijibu. "Alisha kufa."

Askari aliwaza. Alikuwa kijana, na buti zake zilikuwa kubwa kuliko miguu. "Hata kama alikufa, avuke na miguu kama bengine," alisema. Lakini alipoona jinsi Jokébed anavyorukaruka ndani ya mfuko, alimshika kiwiko na kumvusha mwenyewe mpaka ng'ambo, polepole, akikwepa mashimo.

Uwanjani kwa Débora turubai lilikuwa limetandazwa, viti vya plastiki vimepangwa, na masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na wali yanatoa mvuke. Wanawake walifika wamevaa kijani, wakashikana, wakasukumana kutazamana vizuri.

"Weye ni nani tena? Ah, weye! Ulikuwa mwembamba kama ufagio!"

"Na weye ulikuwa na meno!"

Walipomwona Jokébed walimkumbatia kwa zamu, plastiki ikilia. Mmoja alirudi nyuma, akamtazama usoni, akacheka.

"Tazameni huyu, hana hata mvi! Tumemupita. Sasa njo umekuwa kadogo yetu, ukatuletee maji."

"Nililetaka maji yenu miaka sita," Jokébed alijibu. "Nimepumuzika."

Débora peke yake alisimama mbali, mikono kifuani. Siku ile ya Mangina alikuwa amekuja na beseni, sabuni na kitenge kipya ili amwoshe mwenzake jinsi wafu wanavyooshwa. Watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni walimwambia asivuke barabara. Hakuvuka. Alisimama upande wa pili na beseni lake mpaka gari lilipoondoka.

"Mama Falonne," alisema sasa. "Na ile ugonjwa?"

"Ilinimaliza, na yenyewe ikaishia pale. Haikupata tena cha kula."

Débora alitikisa kichwa kuonyesha kwamba jibu limemtosha. Akaingia ndani, akatoka na beseni.

Katika lycée yao palikuwa na desturi. Kila mkesha wa sikukuu, wasichana waliketi chini kwa mstari mrefu, kila mmoja kati ya magoti ya mwenzake, na kila mmoja akamsuka aliye mbele yake. Aliyekuwa mbele kabisa alisukwa bila kusuka. Aliyekuwa nyuma kabisa alisuka bila kusukwa. Sheria ilikuwa kwamba anayechelewa kutoka mtoni anakaa nyuma, na Jokébed alichelewa daima, kwa kuwa alichota pia maji ya wasichana wagonjwa. Kwa miaka sita aliwasuka wenzake, kisha akaenda kwenye misa ya sikukuu nywele zake zikiwa timutimu. Hakuna aliyembadilishia nafasi. Walikuwa watoto, na sheria ilionekana kuwa sheria.

Safari hii walimweka mbele. Zipu ilikataa, ikapakwa sabuni, ikakubali; mfuko ukateremshwa, ukakunjwa vizuri kama shuka, ukawekwa juu ya kiti. Débora alimwosha nyuma ya pazia, uso, mgongo, miguu, akiongea naye Kinande kwa sauti ya chini, akamvika nusu ya kitenge na kuongeza mtandio wake mwenyewe pale ambapo nusu haikutosha. Nywele zilikuwa na udongo mwekundu. Maji yalimwagwa mara tatu kabla hayajatoka safi. Kisha mabibi wote wakaketi chini kwenye mikeka, magoti yakilia, wakalaumiana kwa uzito, na mstari ukafika mpaka kwenye lango. Débora alimsuka Jokébed. Kaswera alimsuka Débora. Nyuma kabisa aliketi yule aliyemtania kuhusu maji. Alijiweka hapo mwenyewe.

"Wasingya," Jokébed alisema kwa Kinande, akimshukuru Débora. Alifumba macho. "Usivute sana."

"Nyamaza. Umengoja, ngoja tena."

Bwana Manassé alifika wakati wa chakula. Alipewa kiti chenye mito, akala sahani mbili, akasifu sombe. Alitoa hotuba nzuri juu ya elimu ya mtoto wa kike. Alipoketi, Kaswera na Débora walimshika Jokébed mikono, mmoja kila upande, wakamleta mbele yake, na Kaswera akaeleza jambo lote kuanzia hema mpaka ubao.

Bwana Manassé alimsikiliza kwa adabu. Alimpa Jokébed mkono.

"Mama, pole sana," alisema. "Mais kufuatana na dossier, uko mahali pako."

"Mahali pangu kuko bwana Ananie."

"Kufuatana na dossier, hapana."

"Niko hapa mbele yako, papa. Nakuambia haiko miye."

"Njo difficulté, mama. Mwenye kuhusika hapana kuwa shahidi wa jambo yake. Itaomba famille yako iandike, na famille ya ule bwana iandike, bote pamoja."

"Famille ya ule bwana haijue kitu," Débora alisema. "Beko banalia kwengine."

"Basi, wakijua, baandike." Alifuta midomo. "Hata hivyo, tangu equipe ya mazishi ilirudi kwabo, dossier ilifungwa."

"Aliyechimba yuko wapi? Anaweza kuonyesha kwa kidole tu."

"Bachimbaji balikuwa ba kibarua ya siku. Balilipwa, balienda." Alimtazama Jokébed kwa huruma ya kweli. "Mama, umependeza na hizo nywele."

Kisha akaomba apewe sombe kidogo ya kumpelekea mke wake, na akapewa, kwenye chombo chenye kifuniko, kwa sababu alikuwa mgeni.

Wanawake waliimba wimbo wa shule mpaka jua likaanza kushuka. Jokébed aliimba sauti ya pili, ileile ya zamani. Hakula sana.

Jumapili, baada ya misa, wote watatu walikwenda Mangina. Falonne alikuwa makaburini tayari, ameinama, anang'oa majani kuzunguka ubao wenye jina la mama yake. Yeye huuza mawese sokoni, na mikono yake ilikuwa bado ya rangi ya mawese. Alipoinua kichwa alimsalimu kwanza Kaswera, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mama mukubwa, karibu. Mama Débora, karibu. Mama." Alimtazama mama yake muda mrefu. "Bamekusuka."

"Ni huyu Débora. Falonne, keti."

Falonne aliketi juu ya majani aliyong'oa. Jokébed aliketi karibu naye, akaeleza. Alisema polepole, bila kuficha: hema, mifuko, mbao, bwana Manassé. Falonne alikuwa akichokoa uchafu kwenye kucha zake.

"Kumbe miaka hii yote," alisema mwishowe.

"Miaka hii yote."

"Na weye, uko wapi?"

Kaswera alitazama pembeni. Débora alishika mkono wa Kaswera.

"Hapana jua, mwanangu," Jokébed alisema. "Nilitaka nikuye na jibu. Nimekuya bila jibu."

Falonne aliegemeza kichwa begani mwa mama yake, akagusa msuko mmoja mmoja, kutoka sikio moja mpaka la pili. Walikaa hivyo mpaka ukungu ulipoanza kushuka juu ya kakao. Hapo Jokébed alisimama. Binti yake alimshika mkono, wakaingia pamoja kati ya miti, Kaswera na Débora nyuma yao, ili safari hii waone mahali anaporudi. Walitembea wakisikia moulin, mara kushoto, mara kulia. Ukungu ulikuwa mzito. Wakati fulani Falonne alisema, "Mama, twende polepole," na mkononi mwake hamkuwa na mtu. Waliita. Walizunguka kila mti uliokuwa karibu, na kila mti ulikuwa kama mwingine, na ardhi chini yake ilikuwa laini na imefunikwa majani makavu, sawasawa kila mahali.

Walirudi makaburini kwa sababu ndoo ya Falonne ilikuwa imebaki pale. Maua ya Jumapili hii yalikuwa bado ndani yake, hayajawekwa. Falonne aliinua ndoo, akasimama, hakujua ayapeleke wapi.

Pembeni mwa kaburi alikuwa ameketi mzee mmoja wa koti na kofia, ndani ya mfuko mweupe mpaka kiunoni. Alivua kofia alipoona wanawake.

"Binti, unisamehe," Ananie alisema. "Si miye nilichukua fasi ya mama yako. Baliniweka."

"Najua, papa. Ameniambia."

"Nilisema kila Jumapili, kila siku ya Mungu, leo nitamuambia. Mais ulikuwa unaleta maua, unafagia, unanihadisia habari za soko. Nikanyamaza."

Falonne alitazama ubao, kisha mzee. Alipiga magoti, akayaweka maua alipozoea kuyaweka, akamwaga maji yaliyobaki. Akajipangusa mikono.

"Batu yako beko wapi, papa?"

"Mabalako. Bibi yangu, na batoto. Hapana jua niko hapa, na ofisi haitabaambia." Alizungusha kofia vidoleni. "Kama haitakuchokesha, siku ya Mungu ingine, ukuye tena kuniona."