Ghorofa ya Tatu kwa Mgongo

Saa moja kasorobo asubuhi Winchi alipiga goti mbele ya ngazi, wauguzi wakamwekea mgongoni mgonjwa wa kwanza, fundi magari aliyevunjika kifundo cha mguu. Lifti ya hospitali ilikuwa imekufa miaka sita nyuma. Mlangoni pake palibandikwa karatasi iliyosema matengenezo yanaendelea, na ilipochakaa ofisi ilibandika nyingine yenye maneno yaleyale. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya tatu. Wodi ya wazazi pia.

Winchi aliajiriwa kama mhudumu wa kusafisha sakafu. Nyuma ya chumba cha kufulia alikuwa na chuma chake, bomba lenye madebe mawili ya saruji, kilo mia na arobaini. Kila akitoka zamu alijitwika begani, akachuchumaa, akanyanyuka, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba. Aliamini mwenye nguvu hakosi kitu.

Jumatano moja alimbeba mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Walipofika ghorofa ya pili, miguu ilitaka kuendelea, pumzi ikagoma. Aliegemea ukuta dakika tatu. Mama yule hakumlaumu. Alisema tu, mdomo karibu na sikio lake, "Pumzika, kaka. Ila usikawie."

Mtoto alizaliwa ameshakufa. Kwenye faili ofisi iliandika kwamba mgonjwa alichelewa kufika.

Winchi aliisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha akashuka kwa mtaalamu wa viungo, dada mwembamba asiyejua kubembeleza mtu.

"Una nguvu za trekta," dada alimwambia baada ya kumpima, "na pumzi ya mtoto mwenye kifaduro. Moyo wako umezoea kusukuma mara moja na kukaa kitako."

"Sasa nifanyeje?"

"Chuma punguza nusu, mara mbili kwa wiki, basi. Jifunze kusimama kwa mguu mmoja. Tumbo na mgongo vibebe pamoja, sio mgongo peke yake. Siku nyingine kimbia, taratibu, kiasi cha kuweza kuongea."

"Nitaongea na nani huko barabarani?"

"Shauri yako."

Wiki ya kwanza alikimbia mpaka kwenye tangi la maji, akatapika kando ya uzio, akarudi kwa miguu. Wiki ya nne alilizunguka tangi mara sita. Aliongea njia nzima, na aliongea kuhusu lifti tu. Wauza mkaa walijua saa kwa kusikia matusi yake yakipita.

Mwezi wa tatu mizani ya wodini ilionyesha ana kilo arobaini. Mwanzo zilikuwa tisini na sita. Dada alimminya mikono na mapaja, akakuta nyama yote ipo.

"Mwili ni uleule," alisema akiandika. "Ni uzito ndio umeondoka. Endelea hivyohivyo."

Mwezi wa tano mshale wa mizani haukutoka kabisa kwenye sifuri. Nyumbani mkewe alianza kumlalia mkono ili upepo wa dirishani usimtoe kitandani, na alilalamika kwamba mkono unakufa ganzi. Hospitalini ilionekana kwamba aliyebebwa na Winchi naye hakuwa na uzito mpaka atuliwe. Sasa alipanda ghorofa tatu kwa sekunde ishirini, akigusa ngazi moja kati ya tano. Wagonjwa waliomba blanketi, maana kulikuwa na baridi njiani.

Mkurugenzi alileta wageni kutoka hospitali nyingine. Walitazama saa zao, wakaandika, na mmoja akauliza anakula nini. Kwenye kikao mkurugenzi alitangaza kwamba ombi la lifti limefutwa kwa kuwa changamoto imetatuliwa. Winchi alipewa cheti.

"Na likizo yangu, mzee?" aliuliza. "Mwaka wa sita huu."

"Mtu mwepesi anachokaje?" mkurugenzi alijibu, na wageni wakacheka.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwashi kuziba milango ya lifti. Nafasi ile ingekuwa stoo ya mafaili. Winchi alikuwa amembeba mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa moyo alipoliona tofali la kwanza likikaa kwenye udongo. Nyayo zake zikashuka zikagusa sakafu. Hatua ya pili ilitoa kishindo. Ya tatu ikapasua kigae.

"Nimekuwa mzito, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

"Si wewe, bibi. Ni hasira."

"Ya nini?"

"Kuna mtoto alifia ghorofa ya pili. Sasa wanamjengea ukuta."

Bibi alishika vizuri shingo yake.

Ghorofa ya kwanza mtaalamu wa viungo alitoka mlangoni aliposikia kishindo. Alimtazama miguu. "Iweke chini hiyo hasira, kaka. Utaikuta ukirudi."

"Nikiiweka chini watauzoea na ukuta huu."

Akapita. Mapaja yaliwaka, mgongo ukaita tumbo, tumbo likaitika. Ghorofa ya pili aliupita bila kusimama ukuta aliowahi kuuegemea. Pumzi iliingia na kutoka. Alimlaza mwalimu kitandani akiwa hai, akashuka kumchukua mwingine, kwa kishindo kilekile.

Saa kumi mwashi aliosha mwiko wake akaondoka. Kesho yake ukuta ulipakwa rangi nyeupe, na tangu siku hiyo Winchi hakuwa mwepesi tena. Alipanda kwa dakika moja na nusu, na hakuchelewa. Vigae kumi na vinne vilipasuka wiki hiyo, na ofisi ikamletea barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali. Alitia sahihi kwamba ameipokea, akauliza anayefuata ni nani.