Kiberiti cha Wifi

Bwana Afya Ebenezer Mbonile alisimama mbele ya kibanda changu pale Majengo, akatangaza: "Mama lishe wote, kesho mnaleta choo kupimwa. Asiye na cheti habandiki sufuria." Wenzangu wakacheka na kuanza kutafuta viberiti vitupu vya kuwekea. Mimi moyo ulinilipuka paa! Nikashika ubavu wa kulia juu ya kanga.

Ngoja nikwambie kulikuwa na nini chini ya kanga hiyo. Mwaka uliotangulia utumbo wangu ulijisokota, nikapelekwa Mbeya nusu maiti. Madaktari wakakata, wakautoa mdomo wake nje, hapa ubavuni. Tangu siku ile choo changu hutokea hapo, chepesi kama uji, kinaingia kwenye mfuko. Mifuko ya hospitali ilipokwisha nikashona mkanda wa kitambaa, nikawa nafunga ya nailoni, miwili miwili. Nilikuwa hai, namshukuru Mungu. Lakini woga, jamani! Niliogopa kuinama, niliogopa kucheka. Tumbo likinguruma nagonga sufuria kwa mwiko ili watu wasikie sufuria.

Na kazi yenyewe ni chakula. Miaka ile ya soko huria malori ya watu binafsi yalijaa Sumbawanga kufuata mahindi, na madereva walikula kwangu. Kibanda kile ndicho kilichowalisha wanangu tangu baba yao afariki. Nani angekula kwa mwanamke anayetembea na choo tumboni? Aliyejua ni Silvana peke yake, dada wa marehemu, niliyekuwa nikikaa naye mtaa wa Malangali.

"Peleka chako," Silvana akasema. "Choo ni choo."

"Choo ni choo wapi! Uji huu utakaa kwenye kiberiti? Wataniuliza, itabidi nifunue, Bertilla atajua. Na Bertilla akijua, mji mzima umejua." Bertilla ni jirani yangu sokoni, mdomo wake hauna breki. "Nipe chako, wifi."

"Makubwa haya!" akasema. Lakini alinipa.

Nikakipeleka kiberiti cha wifi kikiwa na jina langu juu, kichwa nimekiinua. Siku tatu baadaye Ebenezer akaja na karatasi.

"Mama Coleta, una minyoo ya safura na amiba. Zima moto. Utatumia dawa, tutakupima tena baada ya mwezi."

Mwezi! Mwezi mzima sufuria zimefunikwa, madereva si watakuwa wamenisahau hata jina? Bertilla alikuwa ameshaanza kuwaita wateja wangu. Nikamfuata Ebenezer mpaka ofisini, nikihema.

"Choo kile si changu," nikasema.

"Jina ni lako."

"Jina langu, choo cha wifi yangu."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakisubiri vyeti wakaangua kicheko, Bertilla akiwa wa kwanza. Muuguzi Angela hakucheka. Akaninyooshea kiberiti kipya. "Basi kalete chako sasa hivi. Choo ni pale nje."

Nikautazama mlango, nikahesabu hatua za kukimbilia. Halafu tumbo likanguruma, na safari hii sikuwa na sufuria ya kugonga.

"Kiberiti hakitoshi, mwanangu," nikamwambia. "Lete kikombe."

Nikafungua kanga pale pale. Angeniambia nisubiri pazia ningetoroka. "Yesu na Maria!" Bertilla akasema. Angela akainama, akatazama pembeni mwa mfuko kwa makini.

"Ngozi haijachubuka hata kidogo. Anakufunga nani?"

"Nani mwingine? Mimi."

Majibu yalitoka safi, hakuna mnyoo hata wa dawa. Ebenezer akagonga muhuri bila kuinua macho. Silvana akapewa vidonge vyake, akaninunia wiki nzima kwa kumtangazia minyoo.

Cheti nikakitundika kibandani, nikawasha moto. Mchana ukafika, mabenchi matupu. Siku ya pili, matupu. Madereva walipita wakinichungulia kwa pembeni, wakaenda kuketi kwa Bertilla. Siku ya tatu nilimwaga maharage. Siku ya nne nilikoroga sufuria ambayo hakuna aliyeiulizia, nikijiambia, Mama Coleta, imekwisha, kesho huji.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mrefu, amejifunga kanga tatu kwenye jua lile. Akasimama kwenye nguzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ni wewe mwenye..." Akagusa tumbo lake.

Hasira zikanipanda. "Ni mimi! Umekuja kutazama? Tazama basi, ukawahadithie na wenzako!"

"Hapana, mama. Naitwa Kabula, natoka Milepa. Dereva wa lori alikuwa anasimulia habari zako huko kwetu, watu wanacheka." Akapunguza sauti mpaka nikalazimika kusogea. "Na mimi ninao mfuko kama wako. Huu mwezi wa nane sijatoka ndani, leo ndiyo mara ya kwanza. Mchana sili kabisa, naogopa utajaa. Wewe unawezaje kusimama mbele za watu?"

Nikamvutia benchi.

"Unadhani siogopi? Hata sasa hivi naogopa. Kaa hapo."

Nikampakulia ugali, maharage, na dagaa wengi.

"Mama, utajaa."

"Ujae! Si ndiyo kazi yake? Ukijaa tutakwenda nyuma tuumwage, nikuonyeshe ninavyofunga. Kula."

Akamega tonge la kwanza huku mkono mwingine ukishika ubavu. La pili vilevile. Kufika la tano mikono yote ilikuwa mezani, anachambua dagaa. Mimi nikageukia moto, moshi ulikuwa umeniingia machoni.

Dereva mmoja alikuwa amesimama barabarani muda wote huo akitutazama. Akavuka, akanawa mikono, akaketi mwisho wa benchi la Kabula.

"Mama, dagaa bado wapo?"

"Wapo," nikasema. Nikamfutia meza kwa kanga, nikampakulia.