Upande Asiouona Swamy

Kabla ya kuja Sydney, Gedela Appalaswamy alikuwa ameongoza filamu tisa za Kitelugu, na nane kati ya hizo zilivuka siku mia kwenye majumba ya sinema ya Hyderabad na Vijayawada. Katika tasnia yao siku mia ndicho kipimo. Ukizivuka unavishwa mashada ya maua. Usipozivuka, simu yako inanyamaza. Alianzia Madras, akishika kibao cha namba mbele ya kamera na kulala kwenye sakafu za studio, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi waigizaji wakubwa wakawa wanasimama anapoingia. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, aliletwa Australia na mtayarishaji wake Sambasiva kupiga picha za wimbo mmoja wa filamu ya kumi.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua katika msafara ule wa watu thelathini na wawili ni kwamba Swamy, kama walivyomwita wote, alikuwa anapofuka.

Ni presha ya macho, daktari wa Pune alikuwa amemwambia, mji aliouchagua kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Ugonjwa ulikuwa unamla kuanzia pembeni. Kitu kilichokuwa mbele yake alikiona sawasawa, hata herufi ndogo, lakini kando, hasa kushoto, palikuwa pamekufa. Hapakuwa na giza. Hapakuwa na kitu tu. Mtu akimjia kwa upande ule alitokea ghafla, kama ameota hewani. Mbele ya monita, skrini ya kutazamia picha za kamera, asingeshukiwa na yeyote, maana monita ni dirisha dogo na yeye dirisha dogo alikuwa bado nalo. Taabu ilikuwa kila kitu kingine: ngazi, nyaya zilizotandazwa chini, mikono iliyonyooshwa kumsalimu naye akaipita. Watu wakaanza kusema Swamy siku hizi ana majivuno. Akaona heri hayo. Mwenye majivuno bado hupewa filamu.

Walipanga kwenye moteli moja pale Kensington, karibu na chuo kikuu, kwa kuwa wachezaji wa wimbo walikuwa wanafunzi. Mpishi alikuwa Mhindi wa hapo mjini, naye alikuja na vibarua wake. Mmoja wao alikuwa Concilie Ninahazwe, Mrundi aliyefika mwaka uliotangulia kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza wazee kwenye nyumba moja ya Campbelltown, lakini alichukua likizo ya wiki mbili, akawa anapanda treni alfajiri kuja kumimina chai.

Siku ya pili alikuwa akiongea na dada yake kwenye simu, akimweleza kwa Kiswahili kwamba watu hawa wanakunywa chai kama lori linavyokunywa dizeli. Sauti nyuma yake ikasema, "Na bado hujaleta sukari."

Chupa ya chai ilikaribia kumponyoka. Swamy akamweleza kwamba baba yake alifundisha hesabu Tabora, na yeye mwenyewe aliishi huko tangu akiwa na miaka minane hadi kumi na sita. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha mwanafunzi, hakikukua pamoja naye. Tangu hapo wakawa wanaongea kidogo kila siku. Kwa Swamy ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana, kwa sababu hakuna mwingine pale aliyewaelewa. Lakini mtu akipata pa kupumulia hulegea, naye alilegea.

Siku ya tano Concilie aliweka kikombe kushoto kwake, akamwona akipapasa meza. Siku ya sita alikiweka mbele kabisa, mkono wa kikombe ukiwa umeelekezwa kwenye vidole vyake. Swamy alihisi jasho likimtoka mgongoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Wenzake walipoondoka mezani, yule mama akainama kama anayefuta meza.

"Mzee, nikuulize kitu. Kule ninapotunza wazee kuna babu mmoja anageuza kichwa kama wewe. Anatujua kwa mlio wa viatu. Upande huu huoni, au siyo?"

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, mimi? Lakini wewe sema. Hapa kuna vyuma vinapita juu ya vichwa vya watu."

Swamy aliomba siku tatu. Wimbo ukiisha, alisema, atajua la kufanya. Concilie akakusanya vikombe.

Sehemu ya mwisho ya wimbo ilipigwa kwenye miamba ya Maroubra. Bahari ilikuwa imechafuka, na upepo ulikuwa unapiga kelele kwenye redio za mkononi hadi hazisikiki. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye mkono mrefu wa kreni, na aliyeusukuma alikuwa Yadagiri, fundi aliyekuwa na Swamy tangu filamu ya tatu. Mahali aliposimama, Yadagiri alizibwa na mabango ya kuakisi mwanga, hakuweza kuona njia yote ya ule mkono. Kwa kawaida mwongozaji msaidizi ndiye aliyetoa ruhusa. Siku hiyo Swamy alimtuma msaidizi upande wa pili wa miamba, kwa wachezaji, na kusema ruhusa ataitoa yeye mwenyewe. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alifanya hivyo. Pengine ni kwa sababu ya lile neno la Concilie. Alitaka kujionyesha kwamba bado anaweza.

Yadagiri aliuliza kwa Kitelugu kama kushoto kuko wazi.

Swamy alitazama kushoto. Aliona mwamba na anga. Akajibu kwamba kuko wazi.

Msichana mmoja kati ya wachezaji, Ketsia, Mkongo aliyekuwa anasomea uuguzi, alikuwa ametoka kwenye mstari kufunga kamba ya kiatu. Mkono wa kreni ulimpiga begani akiwa anainuka. Swamy hakuona pigo, alisikia. Ulikuwa mlio mfupi mkavu, kisha kelele za watu wengi, na katika monita picha ikatikisika na kutulia juu ya bahari tupu. Alipogeuka, Concilie alikuwa tayari amepiga magoti, amemshika msichana kichwa asisogee. Ukingo wa mwamba ulikuwa hatua mbili kutoka miguuni mwa Ketsia.

Hospitali walisema mfupa wa bega umevunjika sehemu mbili, kichwa ni kizima. Upigaji picha ulisimamishwa, na afisa wa usalama kazini akasema atachukua maelezo ya kila mtu kesho yake saa tisa mchana.

Asubuhi Sambasiva alimjia Swamy chumbani na maneno yaliyokwisha kupangwa ya kumpa afisa: Yadagiri alisukuma kreni kabla ya kuruhusiwa. Redio zilikuwa mbovu, alisikia vibaya. Atarudishwa nyumbani kwa ndege ya jioni, na kazi itaendelea. Alisema kila mtu amekubali, kisha akaongeza, bila kumtazama, kwamba hata Yadagiri mwenyewe hajakataa.

Swamy alikaa na maneno hayo hadi saa nane. Alijaribu kula, akashindwa. Alijiambia kwamba fundi wa kreni anaweza kupata kazi kwingine, lakini mwongozaji kipofu hana kwingine. Akajiambia pia kwamba wenye mishahara inayotegemea filamu hii ni wengi, na huo haukuwa uongo. Kila sababu ilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyomtosha. Mwisho alishuka uani akihesabu ngazi, akamkuta Yadagiri ameketi juu ya sanduku la nyaya, mikono katikati ya magoti. Alikuwa upande wa kushoto. Ilibidi Swamy ageuze kichwa chote ndipo amwone.

"Kwa nini hukukataa?" alimuuliza.

"Wewe ndiye uliyesema kuko wazi," Yadagiri alisema. "Miaka kumi na mmoja hujawahi kunidanganya. Nikafikiri labda ni mimi niliyesikia vibaya."

Saa tisa Swamy alikuwa wa kwanza kuingia kwa afisa, kabla hajaitwa. Alieleza yote: Pune, matone ya dawa, upande wa kushoto, jinsi alivyomtuma msaidizi upande wa pili wa miamba. Afisa alimtaka arudie, ili aandike vizuri. Akarudia. Alipotoka, Sambasiva alikuwa amesimama koridoni na simu sikioni, akamgeuzia mgongo.

Alikwenda hospitali na Concilie. Ketsia alimsikiliza hadi mwisho, bega likiwa limefungwa, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba ana mitihani ya vitendo mwezi ujao na hawezi kuinua hata shuka. Hakumwambia amemsamehe. Swamy hakuthubutu kuomba. Nje, kwenye kituo cha basi, Concilie alimuuliza kama mke wake amekwisha kuambiwa. Swamy alipotikisa kichwa, Concilie alimpa mgongo ili apige simu kwa faragha.

Varahalu, mke aliyeishi naye miaka ishirini na miwili, hakuuliza habari za macho.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mama mmoja wa chai, hapa Sydney."

"Mama wa chai," alisema Varahalu, na simu ikakatika.

Wimbo ulimaliziwa na msaidizi. Filamu ilitoka mwaka uliofuata ikavuka siku mia, lakini mashada ya maua aliyavaa Sambasiva peke yake. Magazeti ya Hyderabad yaliandika habari za macho ya Swamy kwa wiki mbili, kisha yakaacha, na huko kuacha ndiko kulikomuuma zaidi. Mkewe alihamia kwa dada yake kwa mwezi mzima, akarudi, akaanza kumtilia matone yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, bila maneno mengi. Ketsia alirudia muhula, akafaulu. Habari hiyo Swamy aliipata kwa Concilie, ambaye humpigia simu mara mojamoja.

Miaka miwili ilipita bila simu ya mtayarishaji yeyote. Mwaka 2009 mtu mmoja wa Vizianagaram, asiyejulikana, alimpa filamu ndogo isiyo na nyota. Swamy alikwenda kwa Yadagiri kwa miguu yake. Yadagiri alimwacha asimame mlangoni muda mrefu kabla ya kumkaribisha.

"Nitakuja," alisema, "lakini kabla kreni haijasogea, neno la mwisho litakuwa langu. Nikisema bado, ni bado, hata jua likizama."

Swamy alikubali. Asubuhi ya siku ya kwanza aliketi mbele ya monita, akiwa na woga uleule wa siku ile ya Madras aliposhika kibao kwa mara ya kwanza. Alipotaka kuanza, Yadagiri alisema bado. Watu wote wakasimama. Swamy hakujua anangojea nini, na hakugeuza kichwa kutafuta. Aliweka mikono magotini, akangoja.