Mteja Mmoja wa Mama Wakili

Mshonaji alikuwa na chumba kimoja, cherehani moja na dirisha moja, na mtandao wa simu ulikubali kuingia kwa dirisha tu. Kwa hiyo simu ilikaa dirishani, imesimamishwa ndani ya kikombe cha bati ili sauti isikike vizuri, na mtu yeyote aliyetaka kuongea na dunia aliongea na kikombe.

Waliokuwa wakiongea nacho walikuwa watatu. Kulikuwa na Mshonaji, mwenye simu. Kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi mwashi aliyechechemea mguu wa kushoto lakini ulimi ulikuwa mzima. Na kulikuwa na Bi Mkunga, jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka sitini na mmoja, sikio moja la kusikia na jingine la mapambo. Wote walikimbia vita ileile wakaangukia makazi yaleyale ya wakimbizi, na kati yao ni Mshonaji peke yake aliyekuwa na kadi ya kusajilia laini.

Mwaka uliopita Mshonaji alipata wakili. Hakumwona. Alikuwa mama mmoja wa nchi ya mbali aliyejitolea kutetea wakimbizi bila malipo, katika saa yake ya chakula cha mchana. Kiswahili alikuwa hakijui. Alikuwa na mashine ya kusikiliza ujumbe wa sauti, kuuandika, na kuugeuza kuwa lugha yake. Mshonaji aliambiwa aseme tu, asiogope.

Lakini mtu hawezi kupata wakili peke yake huku jirani hana, kama asivyoweza kuwasha moto akamnyima jirani kijinga cha kuwashia. Siku ya pili Mwashi aliomba "neno moja tu" na kikombe, akakaa nacho dakika ishirini. Siku ya tatu alikuja Bi Mkunga na kigoda chake.

Hakuna aliyetaja jina. Kwao mtu akibisha hodi akaulizwa ni nani, hujibu "Ni mimi," na mlango unafunguliwa. Kumtajia jina mtu mnayefahamiana ni kama kumwambia hana masikio. Kwa hiyo Mwashi, mwenye sauti ya kusaga kokoto, alianza kila ujumbe kwa "Ni mimi." Bi Mkunga alianza kwa "Ni mimi, nimerudi." Mshonaji naye, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, alisema "Ni mimi." Mashine iliandika kama ilivyosikia, na mashine haiandiki kokoto.

Majibu yalikuja kwa maandishi, Mshonaji akawasomea. "Pole sana kwa mguu." Mwashi akaitikia kwa kichwa. "Pole kwa siku zile za mahabusu." Bi Mkunga akasema ahsante. Walimsifu Mama Wakili kwa kubana maneno, watu watatu akawajibu kwa ujumbe mmoja.

Mshonaji alikuwa na shida moja: binti yake. Siku ya kukimbia lori lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Alimpandisha mdogo wake wa kike, akampakatisha mtoto, yeye akabaki chini. Sasa mtoto alikuwa ng'ambo kwa mama yake mdogo, ametimiza miaka tisa. Barua ya kuomba mama aruhusiwe kumfuata ilitakiwa kufika ofisini Ijumaa kabla ya adhuhuri. Ikichelewa, faili litafungwa.

Pamoja na hayo, yeye ndiye aliyesema machache kuliko wote. Alikuwa mtu wa haya. Katika miezi minane alituma jumbe nne, na mmoja ulikuwa wa kushukuru.

Jumatano Mama Wakili alipiga simu mwenyewe. Alikuwa na dakika kumi na tano na mkalimani. Angesoma barua, mteja angesema ndiyo, na kazi ingekwisha. Mwashi alikuja na shati la kola. Bi Mkunga alikuja na kigoda. Walikuwa na hakika kwamba simu ni yao pia.

"Habari za saa hizi, mheshimiwa mteja," alisema mkalimani, kijana mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. "Je, mko faraghani?"

"Tuko," alisema Mwashi.

Mkalimani akaanza kusoma.

"Mteja wangu ni mwanamke, mshonaji, mjane. Katika maisha yake amejenga shule mbili na ukuta wa hospitali."

Mshonaji alitazama kikombe. Mwashi alinyoosha kola.

"Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi siku mji uliposhambuliwa, akavunjika mguu wa kushoto. Kwenye kizuizi cha barabarani alinyolewa kwa nguvu."

"Ndevu," alinong'ona Mwashi. "Mbona ndevu amezitoa?"

"Alikaa mahabusu siku arobaini kwa kosa la kuwazalisha wake za waasi. Amepokea watoto mia nne."

"Mia nne na kumi na wawili!" Bi Mkunga alikisogelea kikombe kwa sikio lake zima. "Mwambie asinipunguzie."

"Kuhusu umri," mkalimani aliendelea, "mteja ametaja miaka thelathini na miwili, arobaini, na sitini na mmoja. Wakili anaeleza kwamba mateso huvuruga kumbukumbu, na anaomba ofisi imwonee huruma."

Mshonaji alianza kuhisi joto masikioni.

"Mama Wakili anasema," mkalimani alisema, "katika miaka yake yote hajawahi kutetea mtu aliyepitia mengi hivi. Hii ni barua yenye nguvu sana. Anaamini utakwenda kwa mwanao. Anaomba useme ndiyo."

Mwashi aliuziba mdomo wa kikombe kwa kiganja.

"Sema ndiyo, shemeji."

"Shemeji, hayo si yangu."

"Nimekupa. Mguu nimekupa, shule nimekupa. Mimi hakuna anayenisubiri ng'ambo. Wewe una mtoto."

"Na wakiniuliza kovu liko wapi?"

"Utachechemea. Nitakufundisha, ni kazi ya siku mbili."

"Na wewe ukija kuomba kesho? Watasema umeiba maisha ya shemeji yako."

Mwashi aliondoa kiganja, akanyoosha kola tena.

"Mwanangu," Bi Mkunga alisema, "mimi zile siku arobaini sikupi. Mtoto akizaliwa anaandikwa kwa mama aliyemzaa, hata kama jirani ana shida. Samahani."

"Mheshimiwa mteja?" alisema mkalimani. "Zimebaki dakika saba."

Mshonaji aliishika meza ya cherehani. Alijua hadithi yake mwenyewe ilikuwa fupi: alitembea, akafika, akashona. Alijua pia kwamba barua ile, yenye shule na mahabusu, ingempeleka kwa mwanawe.

"Mwambie tuko watatu," alisema.

"Samahani?"

"Aliyevunjika mguu ni shemeji yangu, ni mwanamume na ndevu zake zimeota tena. Mkunga ni jirani. Mimi ni mshonaji tu. Tulikuwa tunatumia simu moja."

Mkalimani alitafsiri. Ng'ambo ilisikika pumzi ndefu, halafu kalamu ikikata mistari ya barua, mkato baada ya mkato. Ilikata kwa muda mrefu.

"Anauliza, baada ya kuyatoa hayo, kumebaki nini."

"Mtoto wangu."

"Anasema ofisi itasema hamjaonana miaka mitano, kwamba mama wa mtoto sasa ni yule mdogo wako. Je, unao uthibitisho kwamba wewe bado unamlea?"

Mshonaji alifikiri. Picha hakuwa nazo. Barua hakuandika.

"Namshonea," alisema.

"Unamshonea vipi, ukiwa huko?"

"Kila miezi mitatu mdogo wangu anampima kwa kamba kifuani, mabegani, kiunoni. Anaikata, anailaza kwenye rula, ananisomea kwa simu. Mimi naandika daftarini, tarehe na vipimo. Nikipata mtu anayesafiri, nampa gauni."

"Tangu lini?"

"Tangu waliposhuka kwenye lori. Alikuwa na miaka minne. Kifua inchi ishirini na mbili."

Mkalimani alitafsiri. Kisha akauliza kwa Kiswahili ambacho pasi ilikuwa imeanza kukitoka: "Anasema, eti, unaweza kusoma yote?"

Mshonaji alichukua daftari chini ya pedali, akasoma. Alisoma tarehe, bega, kifua, kiuno, urefu. Mkalimani akarudia kila namba. Kufika mahali pamoja aliuruka urefu, haukuandikwa.

"Hapa mbona pana pengo?" aliuliza mkalimani.

"Siku hiyo alikataa kusimama. Alisema nije nimpime mwenyewe."

Dakika kumi na tano ziliisha, zikaisha tena. Saa ya chakula ya Mama Wakili ikapita na hakuna aliyekata simu. Mwisho aliagiza kila ukurasa upigwe picha, na kwamba wale wengine wawili waanze upya, kila mtu siku yake, na kila ujumbe uanze kwa jina.

"Jina!" Bi Mkunga alisema. "Miezi minane tunaongea, bado hanijui?"

Barua ilikwenda Ijumaa asubuhi, ukurasa mmoja na nusu, na picha ishirini za daftari. Jibu lilikuja baada ya wiki tisa. Halikusema ndiyo. Lilisema mama huyo ameitwa kusailiwa mwezi wa tatu, yeye mwenyewe, na aje na daftari.

Mwashi alilisoma mara mbili, akasema ofisi hiyo haijui kusifu.

Jioni mdogo wa Mshonaji alipiga na vipimo vipya. Bega lilikuwa limeongezeka inchi nzima. Mshonaji aliandika tarehe, akatandaza kitambaa, akakata gauni la kwenda nalo mkononi. Chini aliacha upindo mpana wa vidole vinne, maana ofisi haziendi mbio, na watoto wanakwenda.