Ua la Spoki

Majirani walimwita Mama Cheche, na walipenda kumtania kwamba ukimwachia sufuria iliyotoboka asubuhi, jioni utaikuta imekuwa tausi. Vyuma alivyookota majalalani alivigeuza mapambo ya nyumba: fremu za vioo, vinara vya taa, maua ya kutundika ukutani.

Siku moja mwanamke mmoja aliingia karakanani akiburura baiskeli ndogo iliyopondeka.

"Ilikuwa ya binti yangu," alisema. "Lori lilimgonga. Nitengenezee ua kubwa la sebuleni. Nimechoka kuiona uani, kama vile inamsubiri."

"Pole sana, mwanangu," Mama Cheche alijibu, roho ikimuuma. Hakuuliza zaidi. Mchana uleule alikata fremu, akang'oa spoki moja moja na kuzikunja ziwe petali.

Kesho yake alikuja mwanamume akihema.

"Shikamoo, mama. Mke wangu ameleta baiskeli hapa?"

"Marahaba. Ameleta."

"Naomba unirudishie. Nilikuwa nainyoosha kidogo kidogo, kila nikitoka kazini."

Mama Cheche alisogea kando. Akamwonyesha meza. Yule baba akaokota kipande cha fremu, akakaa chini kwenye vumbi la chuma, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, baba. Maji yameshamwagika. Sikujua."

"Hata mimi sikujua," alisema. "Siku hizi hatuongei."

Jumamosi Mama Cheche alilipeleka ua kwao. Mama mtu alionyesha ukuta ulio juu ya kochi.

"Si hapo," mumewe akasema. "Hapo ndipo ninapokaa."

"Basi kaa kwingine."

Mama Cheche alikuwa juu ya stuli, nyundo mkononi, msumari mdomoni, hajui amtii nani. Akautoa msumari.

"Wanangu, kama ni hivyo, acheni niondoke nalo."

"Usiondoke nalo!" walisema wote wawili kwa pamoja, kisha wakatazamana kama watu waliokutana njiani. Lilikuwa neno lao pekee la pamoja siku ile. Mume akatoka nje. Mke akafumba macho mpaka nyundo iliponyamaza.

"Limekaa sawa?" aliuliza, macho bado kayafumba.

"Limekaa sawa, mwanangu."

Haukupita mwezi, Mama Cheche akasikia kwamba yule baba amehamia kwa dada yake. Watu walimwambia asijitwike lawama, nyumba ile ilikuwa imeshapasuka kabla yake. Huenda. Lakini kwa siku kadhaa hakuwasha mashine ya kuchomelea. Alishinda akisugua kwa msasa vyuma visivyohitaji msasa.

Siku hizi mtu akimletea kitu cha marehemu, humpa kiti kwanza, kisha humuuliza nyumbani kuna nani mwingine. Wapo wanaochukia, wakabeba vitu vyao na kwenda zao. Huwaacha waende.