Pumzi ya Shangazi Theresia

Upepo wa Iguguno siku hiyo uliamka na jambo lake. Ulivimbisha turubai kama tumbo la mtu aliyealikwa harusi mbili, ukawavua kina mama vilemba, ukapuliza ndani ya kila maiki iliyosimama uwanjani. Scholastika alikuwa nyuma ya meza yake ya mitambo, hedifoni masikioni, laptopu mbele yake, vidole juu ya vitufe vya mixa. Siku zote alipiga muziki kwenye harusi za watu. Leo anayeolewa alikuwa mdogo wake mwenyewe, Kristina, na Kristina alikuwa bado ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Mlango ule haukuwa wa kufunguliwa kwa ufunguo. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki mpaka shangazi yake asimame kizingitini, apige kigelegele kirefu kwa pumzi moja, na wageni wakisikie. Kisiposikika, anaruhusiwa kurudia mara moja tu. Kikishindikana tena, maana yake shangazi amemkataa mkwe, na wageni wanarudi kwao na mbuzi wao.

Shangazi Theresia enzi zake alikuwa akipiga kigelegele, ng'ombe wa kijiji cha pili wanainua vichwa. Lakini mwaka huu kifua kilimbana tangu mavuno ya alizeti, akicheka anakohoa, na yeye kucheka hawezi kuacha. Tena mdomo wake ulikuwa umeshawaharibia. Siku ya posa alisema mbele za watu kwamba wanaume wa Sepuka ni wafupi wa maneno na wafupi wa mengine yote. Watu walicheka, isipokuwa Mzee Laurenti, baba mkubwa wa bwana harusi. Huyo aliiweka moyoni. Asubuhi alipoteremka kwenye basi walilokodi, alisema kwa sauti ya kutosha, "Tumekuja kusikia. Tusiposikia kwa masikio yetu, basi lile pale, na dereva yumo."

Scholastika alimfuata shangazi yake jikoni.

"Shikamoo, shangazi. Kifua kinasemaje?"

"Marahaba. Kinasema kimezeeka, mimi bado."

"Usijitese. Wewe toa hicho kidogo ulichonacho, mashine yangu itakipeleka mpaka kwa Mzee Laurenti."

"Hiyo mashine yako iliyomfanya mchungaji adondoshe pete?"

Kwenye harusi iliyopita spika za Scholastika zilipiga mluzi mkali katikati ya baraka, mchungaji akaziba masikio, pete ikabiringika chini ya viti. Ndivyo mluzi unavyozaliwa: maiki inasikia sauti yake ikitoka kwenye spika, inairudisha, spika inaitoa tena kubwa zaidi, mpaka masikio yanaomba msamaha. Tangu siku ile Scholastika aliweka kwenye laptopu programu ndogo ndogo, zile mafundi wanazoziita plagini. Sauti ikitoka kwenye maiki inapita kwanza humo ndipo iende kwenye spika. Moja ilipunguza upepo. Nyingine aliibatiza Mla-mluzi: ikisikia sauti nyembamba, kali, inayovutwa, inaikata kabla binadamu hajaisikia. Toka asubuhi spika hazikuwa zimepiga mluzi hata mara moja, na Scholastika alikuwa ameanza kutembea kwa maringo.

"Kimya, mabibi na mabwana!" Benson, mshereheshaji, akanyoosha mkono. "Shangazi anaita!"

Muziki ukazimwa. Shangazi Theresia akasimama kizingitini kwenye kitenge chake kipya, akasogeza maiki mdomoni, akavuta hewa, akafungua kinywa. Ulimi ukacheza.

Spika zikatoa "li" moja fupi. Halafu kimya.

Ulimi wa shangazi ulikuwa bado unacheza. Watu waliokaa karibu na mlango walisikia kitu chembamba, kikachukuliwa na upepo. Upande wa pili wa uwanja, wageni wa Sepuka hawakusikia kitu isipokuwa jenereta.

Scholastika alishika waya wa maiki, ulikuwa mzima. Taa za mixa ziliwaka kijani, sauti inaingia vizuri. Inaingia, haitoki! Mzee Laurenti akasimama, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, ili kila mtu amwone.

"Mwambie dereva awashe," alisema.

"Mzee wangu, mara ya pili bado!" Benson akapiga mbio kumzuia.

"Nitaisikia nikitembea."

Scholastika akakodolea macho kioo cha laptopu. Pale kwenye Mla-mluzi mistari myekundu ilikuwa imeshuka kama meno. Nyembamba, kali, inayovutwa. Kumbe imemla shangazi! Waliotengeneza kitu hiki hawakuwahi kuoa kwenye watu wenye mashangazi.

Akiiondoa, mluzi utarudi. Benson alikuwa amesogeza spika moja karibu na mlango ili bibi harusi asikie, na sauti ya maiki ya shangazi ilikuwa imepandishwa sana kwa ajili ya kile kifua. Kuhamisha spika hakukuwa na nafasi. Shangazi alikuwa ameshavuta hewa.

Scholastika akaizima plagini kwenye maiki ile moja, akaweka kidole kwenye kitufe chake cha kupandisha na kushusha sauti.

Kigelegele kikatoka. Kikapita juu ya turubai, kikavuka uwanja, kikamkuta Mzee Laurenti ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Mguu ukabaki hapo hapo.

Lakini ndani ya hedifoni Scholastika alisikia kingine: kifua kikikwaruza, pumzi ikiisha. Na chini ya sauti, uzi mwembamba wa mluzi ulikuwa umeanza kujisokota. Fundi yeyote angeushusha. Kidole kilikuwa kimeshaanza kushuka. Akainua macho, akakutana na macho ya shangazi juu ya maiki, yamemtoka kama ya mtu anayezama.

Kidole kikasimama.

Pumzi ya shangazi ikakatika, na mluzi ukapokea pale pale alipoachia. Shangazi, mjanja tangu utotoni, hakufunga kinywa. Ulimi uliendelea kucheza bila sauti. Scholastika akatikisa kitufe juu, chini, juu, chini, mluzi ukatetemeka kama ulimi wa mtu. Kikizidi kidogo, masikio yote yatajua. Akaushusha taratibu, taratibu, mpaka ukaisha.

Mlango ukafunguliwa. Kristina akatoka, na kina mama wakapasuka kwa shangwe.

Mzee Laurenti alivuka uwanja kuja kizingitini. "Mama, hicho kifua si cha nyama."

"Ndiyo hivyo, baba," alisema Theresia. "Huku kwetu hatuna wafupi."

Baadaye, akiwa ameshasimuliwa habari za Mla-mluzi, alipita kwenye meza ya mitambo kuchukua soda isiyokuwa yake.

"Shangazi, ile ya mwishoni..."

"Ipi ya mwishoni? Ile yote ni yangu." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Wewe angalia nyaya zako. Na huyo mdudu anayekula wazee, mfunge."

Scholastika hakumfunga. Benson alikuwa ameshika maiki kuanza hotuba, na huyo hata akiliwa nusu, hakuna ndoa itakayovunjika.