Nyayo Zisizo na Visigino

Kitu cha kwanza Kijakazi alichokiona kilikuwa mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa, pwani ya kijiji cha Kanga imelala wazi inang'aa, na nyayo za mdogo wake zilikwenda, zikaenda, hazina visigino. Vidole tu, vidole tu, kama nyayo za kitwitwi, kindege cha ufukweni.

Ummy alikuwa na miaka minane. Kijakazi alikuwa na kumi na minne, shule ameiacha darasa la tano, anafunga mwani kwenye kamba na kusema kidogo. Lakini neno moja alilipaza. Maji ya pale yakijaa humkatia mtu njia ya kurudi, kwa hiyo alipaza: "Ummy, maji hayo!"

Na mtoto akaruka. Akapita vigingi vya mwani, akapita madimbwi, akageuza shingo mara moja kuitazama bahari, akaongeza mbio.

Maji hayo! Akawashinda wasichana wa shule. Maji hayo! Akawashinda wa wilaya nzima. Akavuka kwenda Dar es Salaam, akawa bingwa wa taifa wa mita mia nane, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mafia, kisiwa cha nazi na mihogo, ikatajwa redioni kwa mdomo uliojaa.

Kisha goti likaumia. Mwaka mzima hakukimbia. Watu wakasema amekwisha.

Siku aliporudi uwanjani, majirani walijazana dukani kwa Abeid, mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mzunguko wa kwanza Ummy alikuwa wa sita. Kona ya mwisho, akageuza shingo.

"Anatazama nini huyo?" akafoka Mzee Zubery. "Ameacha ubwabwa jikoni?"

Watu wakacheka. Kijakazi hakucheka. Midomo yake ilicheza bila sauti: maji hayo, maji hayo.

Ummy akaongeza. Wa nne. Wa pili. Wa kwanza! Kopo likaanguka, sukari ikamwagika, na Mzee Zubery akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi.

Juma lile bingwa alikuja nyumbani. Maji yamekupwa tena, wakatembea wawili, medali ikiwa shingoni mwa Kijakazi, maana Ummy alimvisha na akakataa katakata kuichukua. Nyuma yao jozi mbili za nyayo: moja ina visigino, moja haina.

"Dada, kila nikifika kona ile, nakusikia."

Kijakazi akaitazama bahari, mbali kule, imetulia kama sinia. Kisha akasema, kwa sauti, neno alilolificha miaka yote.

"Maji hayakuwa yakija, mdogo wangu. Yalikuwa mbali, siku zote. Nilipenda tu kukuona ukikimbia."